Ganzi ya Shemeji Kufuli

Shemeji yangu amenipa ruhusa ya kusimulia habari hii kwa sharti moja: niseme wazi kwamba yule mwanamke wa kwenye simu alikuwa na sauti ya kitaalamu sana. Basi nimesema. Sauti ilikuwa ya kitaalamu. Mengine nitayaeleza jinsi yalivyokuwa.

Yeye ni mume wa dada yangu mkubwa, na kazi yake ni usalama wa mitandao katika kampuni ya bima. Kazini wanamwita Kufuli, na jina hilo hakupewa bure. Ndiye anayewafundisha wenzake kutunza nywila zao. Ndiye anayewatumia barua pepe za mtego ili awakamate wanaobonyeza linki ovyo, na ukinaswa jina lako linasomwa mbele ya watu kwenye mkutano wa Jumatatu. Nyumbani mambo ni yaleyale. Kamera ya kompyuta kaibandika plasta. Nywila ya intaneti anaibadilisha kila anapokumbuka, na mgeni akiiomba anahojiwa kama anayeomba uraia. Hata akiwa chumbani na dada yangu, mke wake wa ndoa, bado anageukia ukutani anapoandika namba ya siri kwenye simu. Dada alishazoea. Anasema akisikia godoro linalalamika anajua mume anaangalia salio.

Mimi ni daktari wa meno. Nina kliniki yangu ndogo ghorofani, juu ya duka la rangi, pamoja na msaidizi mmoja mwenye maneno machache na mikono myepesi. Mwaka jana na mimi nilipigwa changa la macho. Uliingia ujumbe kwamba mzigo wangu wa vifaa umekwama ghalani, nilipe ada kidogo uachiliwe. Na kweli nilikuwa nasubiri mzigo. Nikabonyeza, nikajaza namba za kadi, na kabla sijaiweka simu chini nikaona kwamba jina la kampuni ya mizigo limekosewa herufi. Nikapigia benki palepale, mgonjwa akiwa kinywa wazi kwenye kiti, kadi ikafungwa. Walikuwa wameshachota kiasi, na kiliniuma, lakini hawakumaliza. Nikaona niwatahadharishe ndugu. Nikaandika kwenye kundi la familia.

Wengine walinipa pole. Kufuli alinipa somo. Aliandika kwa herufi kubwa tupu, akachambua uzembe wangu hatua kwa hatua, akamalizia kwa kuuliza kama kweli mtu wa namna hii ndiye tunayemwamini na sindano. Watu wakacheka. Nikanyamaza, maana ni shemeji.

Lakini baada ya muda mgonjwa mmoja, karani katika kampuni hiyohiyo ya bima, aliniuliza pamba ikiwa mdomoni kama mimi ndiye "daktari mmoja wa meno, ndugu wa karibu wa mtoa mada". Kumbe nilikuwa nimepanda cheo, nimekuwa slaidi. Kwenye semina ya Kufuli nilikuwa na ukurasa wangu peke yangu, wenye mchoro wa jino linalolia machozi. Karani alisema ukumbi ulivunjika mbavu. Nilimng'oa gego lake kwa upole wote nilionao, kwa kuwa yeye hakuwa na kosa.

Sasa tuje kwenye ile sauti.

Simu ilimkuta Kufuli ofisini asubuhi, ndani ya kile chumba chake cha vioo ambamo kila mpita njia anamwona akifikiri. Mwanamke alijitambulisha kuwa anatoka kitengo cha kuzuia udanganyifu cha benki yake. Akamtaja kwa majina yote, akamtajia na tarakimu za mwisho za kadi. Kufuli, tumpe haki yake, alikunja uso na kujiandaa kumuumbua. Lakini kabla hajafungua mdomo, mwanamke akamwambia, "Tafadhali bwana, usinitajie namba yako ya siri. Hata nikikuomba, usinitajie."

Anasema hapo moyo ulilainika. Miaka nenda miaka rudi amekuwa akiwahubiria neno hilo watu wanaosinzia, na leo kampata mtu anayelisema kabla ya kuulizwa. Wakaongea kama watu wa fani moja. Mwanamke akamweleza kwamba kwenye tawi lake kuna mfanyakazi anayeshirikiana na wezi, kwamba wakati huohuo wanavyoongea kuna mtu anajaribu kuichota akaunti yake, na kwamba wamemchagua yeye kwa sababu kumnasa mwizi wa ndani kunahitaji mteja mwenye uelewa. Wangemtumia namba za kufutia miamala ya mwizi, yeye azisome, wao wafute. Jambo moja tu: asimwambie mtu, na hasa asiongee na benki, maana haijulikani nani yumo.

Nilimuuliza baadaye kama hakushangaa kuona benki inamwomba aifiche benki. Akasema wakati ule ilionekana ni mkakati.

Namba ya kwanza ikaingia. Na hapa huwa nawaomba watu wakae chini kwanza. Kufuli aliusoma ujumbe mzima kwa sauti, kama alivyozoea kusoma slaidi zake, tarakimu zote, mpaka ile sentensi ya mwisho inayosema usimpe mtu yeyote namba hii, hata akiwa mfanyakazi wa benki. Alipofika hapo akasita. Mwanamke hakusita.

"Nafurahi kwamba umeiona," akamwambia. "Sentensi hiyo tumeiweka kwa ajili ya wateja wa kawaida."

Basi ikaisha hiyo. Kufuli si mteja wa kawaida. Namba ile, kama tulivyokuja kuelezwa, iliiunganisha akaunti yake na simu ya wezi, na zilizofuata ziliruhusu fedha zitoke. Alizisoma zote, taratibu, kwa matamshi safi, na mwanamke akamsifu kwa matamshi. Ilikuwa akiba yake na dada yangu, waliyoiweka kwa ajili ya masomo ya binti yao chuoni.

Hata jasho la simu halijakauka sikioni, benki ya kweli ikapiga. Bwana mmoja wa huduma kwa wateja alitaka kujua kama ni yeye anayehamisha fedha mfululizo namna ile. Kufuli akajua moja kwa moja kwamba huyu ndiye msaliti wa tawini. Akamwambia kwamba mbinu hizi yeye hafundishwi, yeye ndiye anayezifundisha. Akamwambia utapeli unasikika kwenye pumzi yake. Kisha akakata simu, akaifungia ile namba isimpigie tena. Benki wakamwandikia barua pepe. Akaitambua mara moja kuwa ni mtego, akaifuta. Wafanyakazi waliokuwa nje ya kioo walimwona akijinyoosha kwenye kiti kama mtu aliyefunga goli dakika za majeruhi.

Mchana kadi ilikataa kwenye mgahawa wa kazini. Akatabasamu, akamwambia mhudumu kwamba kuna operesheni inaendelea. Jioni akampigia mwanamke wake kuuliza kama mwizi ameshanaswa. Namba haikuwa ikitumika. Ndipo alipofungua salio.

Mtu yeyote mwingine angepiga kelele, angekimbilia benki, angelia. Mimi nililia. Kufuli alipiga mahesabu ya aibu. Wiki ya Usalama ilikuwa inakaribia pale kazini, yeye ndiye msemaji mkuu, na kwenye lifti kulikuwa na bango lenye uso wake na maneno FIKIRI KABLA YA KUBONYEZA. Akienda kuripoti, ataulizwa ilikuwaje. Akiulizwa ilikuwaje, itabidi aseme kuhusu wateja wa kawaida. Akaamua atazirudisha fedha mwenyewe, kimyakimya, na hakuna atakayejua. Nyumbani akamwambia dada kwamba benki inafanya matengenezo ya mitambo na akaunti haitafunguka kwa muda. Dada hakuhoji. Ukimhoji Kufuli kuhusu mitambo, anakujibu.

Akaingia mtandaoni kutafuta msaada, na mtandao haujawahi kumnyima mtu msaada wa aina hiyo. Akampata bwana mmoja anayejiita wakili wa kurejesha fedha zilizoibwa, picha yake ina mvi za heshima na rafu ya vitabu nyuma. Wakili akampa pole, akamwambia fedha zimeshaonekana, zimekaa mahali zinamsubiri, imebaki ada ya kufungulia jalada. Kufuli akalipa kutoka kwenye mshahara, unaopitia benki nyingine. Ikaja kodi. Ikaja ada ya muhuri. Akalipa yote, yeye ambaye aliwahi kumsoma jina mhasibu mzima mbele ya mkutano kwa kubonyeza tangazo la viatu vya bei poa.

Kitu kilichomsaliti ni gego. Alikuwa akisaga meno usingizini kiasi kwamba dada alidhani kuna panya. Mwishowe jino likapasuka, akavimba shavu, na dada akamkokota mpaka kliniki kwangu. Alikuja kwa kusitasita. Nilipomwangalia kinywani nilikuta meno yamelika vichwa kama ya mtu aliyetafuna kokoto. Meno hayadanganyi, hata kama mwenyewe ni stadi. Nikamuuliza ana mawazo gani. Akasema ni uchovu wa kazi. Dada akabaki kwenye viti vya kusubiria na gazeti lake, mimi nikamchoma ganzi, nikasubiri ishike. Ulimi ukalala, mdomo ukashuka upande mmoja, nikaanza kazi.

Katikati ya kazi simu yake ikalia. Akainua mkono nisimame, akajiinua kwenye kiti na bibu yake shingoni, akaipokea. Shavu halikuwa la kuwekewa simu, ikabidi aweke spika. Sauti nzito ya kizee ikajaa chumba. Ilisema kwamba fedha zote zinarudi leo, sasa hivi, kuna namba imeingia kwenye simu yake, aisome haraka kabla mfumo haujafunga.

Mimi nilikuwa na koleo mkononi. Msaidizi wangu alikuwa ameshika bomba la mate. Wote wawili tukaganda.

Kufuli akaanza kusoma. Alijitahidi, maskini, alijitahidi kwa moyo wote. Lakini ulimi ulikuwa wa mtu mwingine.

"Thitha," akasema.

"Hiyo ni sita au tisa?" wakili akauliza.

"Thitha."

"Mzee, sita au tisa?"

Kufuli akaonyesha vidole, akasahau kwamba wakili hamwoni. Akajaribu tena, mate yakamtoka, pamba ikaanguka kwenye bibu. Wakili akaanza kupandisha hasira, ule uzee wa sauti ukamtoka kidogokidogo, akamwambia aache mchezo, aite mtu mwingine amsomee. Na shemeji yangu, mkuu wa usalama wa mitandao, akanigeuzia ile simu, akinisihi kwa macho.

Niliichukua. Nikaukata ule mwito, nikaizima simu kabisa, nikaiweka kwenye trei kati ya vioo na sindano. Tukatazamana. Nikamuuliza tu kama ameibiwa. Akatikisa kichwa kukubali, na jicho la upande ambao haukuwa na ganzi likatiririka machozi. La pili lilichelewa kidogo.

Sitajifanya mtakatifu. Kuna sehemu ya moyo wangu ilitaka kumwita karani yule aje aone. Lakini alikuwa kwenye kiti changu, na mtu aliye kwenye kiti changu ni mgonjwa. Nikamwambia atoe kadi ya benki, tukapiga namba iliyoandikwa nyuma yake, si nyingine yoyote aliyopewa na mtu. Nikaeleza mimi. Dada wa benki akasema anashukuru, ila lazima amsikie mwenye akaunti mwenyewe. Kufuli akataja jina lake. Dada wa benki akaniuliza kwa utaratibu kama huyo bwana amekunywa. Ikabidi ataje tarehe ya kuzaliwa, jina la mama yake, na mtaa aliokulia, yote kwa thi na tha, huku dada wa benki akisita kila mahali, kwa sababu kwa masikio yake huyu ndiye aliyesikika kama tapeli.

Hatimaye akampata kwenye mfumo. Akasema wanamkumbuka. Walimpigia siku ileile fedha zikiwa bado zinatoka. Mteja aliwaambia maneno ambayo yeye binafsi asingependa kuyarudia, kisha akawafungia namba. Kama angewasikiliza wakati ule, wangeweza kuzuia nyingi. Hata kama angepiga jioni yake, kungekuwa na kitu cha kushika. Sasa imepita muda, wangejaribu.

Mlango ulikuwa umeshafunguka. Dada alikuwa amesimama pale na gazeti lake lililokunjwa, na sijui alianzia kusikia wapi, lakini alisikia vya kutosha. Hakupaza sauti. Akaja mpaka kwenye kiti, akamwangalia mumewe aliyeegemea pale na mdomo uliopinda.

"Nimeenda chuoni kwa mtoto kuwaomba wasubiri ada," akasema. "Nikawalaumu mafundi wa benki, watu ambao hawajanikosea chochote. Nikarudi nikakusimulia. Wewe ulinisikiliza unakula, ukaniambia mafundi siku hizi hawana viwango."

Kufuli akajaribu kusema kitu. Hakikueleweka, na sidhani kama kingeeleweka bila ganzi.

"Kumalizia jino lake unaweza?" dada akaniuliza. Nikasema naweza. Akasema basi nimalizie, kwa sababu wanakwenda polisi wakitoka hapa, na hataki akifika huko ajifanye hawezi kuongea.

Walikwenda. Kufuli alifungua kesi, akabadilisha nywila zake zote, akaacha kumpokea wakili, ambaye aliendelea kupiga kwa namba tofauti na hasira ileile. Benki walifanikiwa kushika sehemu ndogo iliyokuwa bado imelala kwenye akaunti moja. Nyingine zilikuwa zimeshapita. Binti aliahirisha muhula na akapata kibarua cha kupiga chapa kwenye duka la vifaa vya ofisini. Dada alihamisha mshahara wake kwenye akaunti ya peke yake, na kwa muda mrefu aliongea na mumewe kuhusu chakula na taka tu.

Kisha akampa sharti. Wiki ya Usalama ikifika, asimame mbele ya watu aeleze mwenyewe. Na mimi nialikwe.

Nilikaa viti vya nyuma. Alipanda jukwaani amevaa suti iliyomlegea, akaanza vizuri, lakini kumbe mtu haachi tabia kirahisi. Katika simulizi yake ya kwanza wezi walikuwa genge la kimataifa lenye wanasayansi na kompyuta za kutisha, na yeye alipambana nao kwa ushujaa mkubwa. Nilimwona akinitafuta kwa macho ukumbini. Sikufanya kitu, nilijishika shavu tu. Akanywa maji. Akaanza upya, akaeleza habari ya mwanamke mmoja mwenye simu moja, habari ya wateja wa kawaida, habari ya kuifungia benki namba, habari ya wakili. Alieleza na sababu ya kukaa kimya, kwamba aliogopa watu watamcheka kama alivyozoea kuwacheka yeye.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kucheka na nikashindwa.

Lililotokea baadaye alinisimulia mwenyewe, akiwa amekuja kukaguliwa meno. Tangu siku ile watu wakaanza kuingia kwenye chumba chake cha vioo, mmojammoja, kila mmoja akichungulia kwanza nyuma yake. Mhasibu wa viatu alikuwa amekwisha kuliwa mara mbili, siyo mara ile tu. Mwanamama wa mapokezi alimpa "benki" namba zake zote mwaka juzi na hajamwambia mumewe mpaka leo. Miaka yote hiyo Kufuli alikuwa akiandika kwenye ripoti zake kwamba kampuni haina hata tukio moja, na kujisifu kwamba semina zinafanya kazi. Zilikuwa zinafanya kazi kweli. Zilikuwa zimemfunga kila mtu mdomo.

Wa mwisho kuja hakunitajia cheo chake. Alisema tu ni mtu wa ghorofa ya juu, mwenye dereva. Bwana huyo alifunga mlango, akazungumza kwanza kuhusu bajeti, halafu kuhusu hali ya hewa, halafu akasema ana rafiki yake ambaye amekuwa akimtumia fedha mama mmoja mjane waliyejuana mtandaoni, mama mwenye heshima zake, aliyezuiwa uwanja wa ndege na watu wenye roho mbaya. Rafiki huyo ametuma tena leo asubuhi. Kufuli anasema maneno ya semina yalimjaa mdomoni, yote, kwa mpangilio. Akayameza. Akauliza kitu kimoja tu, kama rafiki ameshaipigia benki.

Bwana akasema hapana, kwa sababu mama yule ameomba jambo hili libaki kati yao. Akaongeza kwamba si kama hao matapeli wengine, ni msomi.

Kufuli akasogeza simu ya mezani mbele yake. Bwana mkubwa akaitazama, akalegeza tai, akapiga. Wakawekwa kwenye foleni, muziki ukaanza kulia, na wote wawili wakabaki wameketi wanausikiliza, bila kutazamana.